Kila Mtu Amejibu Ndiyo

Mpendwa Mama Siutiti,

Salamu nakupa nusu, nusu nyingine nitakupa nikipona hili lililonikaba, maana barua hii nimeianza mara kadhaa na kila mara naifuta nikikumbuka kwamba hapa Tonga, mjini Nuku'alofa, kila anayesoma gazeti ni ndugu wa mwenzake, lakini sina tena pa kwenda, mchungaji atasema tuombe, na mume wangu kila nikianzisha habari hii anakumbuka ghafla kwamba nguruwe hawajalishwa, kwa hiyo nakusihi unisikilize wewe na unionyeshe njia.

Mimi natunga programu za kompyuta, na nafanya kazi kwa shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye hapa nitamwita Shangazi 'Ofeina ingawa si jina lake, na yeye ndiye aliyeacha kazi nzuri Brisbane akarudi nyumbani kutengeneza kivinjari, yaani ile programu unayofungulia kurasa za intaneti, akataka kivinjari kinachosema lugha yetu na kisichokata tamaa mtandao unapokuwa mwembamba kama ulivyo kule visiwani Ha'apai na 'Eua, na watu walimcheka, wakasema mama huyu jua la Queensland limemwingia kichwani, lakini akakitengeneza, na kinafanya kazi, na mimi naona fahari kuwa mtoto wa kaka yake, hilo naomba lijulikane kabla sijasema mengine.

Shida ya kivinjari chetu ni kuganda. Ndani yake tumeweka viendelezi, ndivyo vijiprogramu vya kuongezea kazi, kimoja kinasoma ukurasa kwa sauti kwa ajili ya wasioona vizuri, kingine kinazuia matangazo, kingine kinapunguza uzito wa picha, vipo vingi, na kati yao kuna kimoja kinachogombana na wenzake mpaka ukurasa unasimama hauendi mbele wala nyuma, na hatujui ni kipi. Basi shangazi akanipa kazi ya kutengeneza chombo cha kumtafuta mkosaji, tunakiita Fundi, na Fundi anafanya hivi: ukurasa ukiganda anazima nusu ya viendelezi, akianzia vilivyo mbele kwenye mstari, halafu anamuuliza mwenye kompyuta kama tatizo limekwisha, akijibiwa ndiyo anajua mkosaji yumo katika ile nusu aliyoizima, anaigawa tena, anauliza tena, anaigawa tena, mpaka anabaki mmoja, na huyo anafungiwa nje, na akijibiwa hapana anahamia upande wa pili. Ni kazi ya akili, Mama, na niliifanya kwa moyo.

Lile swali aliliandika shangazi mwenyewe. Alilichonga kama sala, hakutaka mtu aliguse, linasema, "Tumekusaidia kwa moyo wetu wote. Je, tatizo limekwisha?" na chini yake kuna kitufe cha Ndiyo, kijani, kikubwa kama kisosi, na pembeni kitufe cha Hapana, cha kijivu, kidogo, chenye haya.

Mama, Mtonga gani atabonyeza hapana?

Tulimpeleka Fundi kwa watu wa kujaribia visiwani, na majibu yakarudi ndiyo, ndiyo, ndiyo, shangazi akaleta ofisini lu ya nyama ya kopo, ile inayofungwa kwa majani ya magimbi, ya kutosha harusi, tukala, tukaimba, na mkosaji aliyekamatwa karibu kila mahali alikuwa yuleyule, kile kiendelezi kinachosoma kwa sauti, ambacho ni cha kwanza kabisa kutengenezwa na shangazi, alikitengeneza kwa ajili ya bibi yetu alipopoteza macho, na nilimwona akijifuta uso kwa kitambaa cha mezani akisema, "Imeniuma, lakini watu wamesema." Akaamua kwamba Fundi akisambazwa mashuleni na kwenye zahanati zote mwanzo wa muhula, asipoteze muda kuuliza, kwanza azime kile cha kusoma.

Mimi nilishangilia pamoja na wengine, sikuwaza, mpaka nilipokwenda 'Eua kwenye maziko nikapita kumsalimu Mzee Sosaia, aliyekuwa mwalimu wa kwaya, ambaye macho yake sasa yanaona vivuli na rangi tu, naye ni mmoja wa waliojaribu Fundi. Nikamkuta ameketi mbele ya kompyuta, mikono magotini.

"Mzee, mashine inaendeleaje?"

"Nzuri sana, mwanangu. Nzuri mno. Imetulia."

"Inakusomea habari?"

"Aa, siku hizi hainichoshi kwa maneno."

"Haikusomei kabisa?"

"Mashine nayo ina haki ya kupumzika."

Nikatazama, nikakuta sauti imezimwa, na ukurasa wenyewe bado umeganda vilevile, mzee amekaa mbele ya kitu bubu kisichotembea na anakisifu. Nikamuuliza kwa nini alibonyeza ndiyo, akanicheka, akasema, "Mtu amekwambia amekusaidia kwa moyo wake wote, wewe umwambie hapana? Mimi nililelewa, mwanangu." Halafu akanifungia viazi vikuu vya kumpelekea shangazi, kushukuru.

Nikamwashia sauti palepale, na ndani ya kivuko wakati wa kurudi ndipo akili ikanifunguka, kwamba ukijibu ndiyo kila unapoulizwa, Fundi atagawa na kugawa mpaka amfikie aliye wa kwanza kwenye mstari na kumtia hatiani, hata kama ni malaika, na aliye wa kwanza ni kile cha kusoma kwa sababu ndicho kikongwe kuliko vyote, kwa hiyo Fundi hakugundua hitilafu yoyote, Fundi amegundua adabu yetu. Baadaye nikampigia simu Mzee Sosaia. "Nzuri, mwanangu, imetulia." Nikajua imeganda na sauti imezimwa tena, naye amebonyeza tena kisosi cha kijani.

Nilimwambia mwenzangu Heneli, aliyekulia Auckland, akasema, "Sasa si umwambie tu? Hii ni kazi, siyo kanisa."

"Mwambie wewe basi."

"Mimi? Wewe ukikosea utanuniwa. Mimi nitatafuta kazi nyingine."

Baba ndiyo kabisa, yeye na dada yake hata kuketi chumba kimoja kutazama televisheni hawawezi, mwiko, na mimi tangu utotoni nimefundishwa kwamba baba ni baba lakini shangazi ndiye wa juu, sili alichobakisha, sishiki kichwa chake, sibishani naye, na siku nilipojikaza nikaenda mezani kwake na maneno yote nimeyapanga mdomoni, yeye akaniwahi.

"Umeyaona matokeo ya 'Eua?"

"Ndiyo, shangazi."

"Na wewe umeridhika nayo? Niambie kweli."

"Ndiyo, shangazi."

"Mungu akubariki. Baba yako amezaa."

Nikarudi kwenye kiti changu. Sasa Mama, kuna kitu nimekitengeneza na bado sijakiingiza, naomba usinihukumu haraka, ni kiendelezi bubu, hakifanyi kazi yoyote duniani, nimekiandika ili nikiweke mbele kabisa kwenye mstari bila kumwambia shangazi, nibadilishe na jina la cha kuzimwa kwanza, ili watu wakisema ndiyo, ndiyo, ndiyo, ahukumiwe huyo bubu, afungiwe nje, na sauti ya Mzee Sosaia isiguswe, shangazi abaki na furaha yake, watu wabaki na adabu yao, na mimi nilale. Je, si hekima hiyo? Au nimwambie shangazi nivunje moyo wake na labda undugu? Muhula unaanza karibuni. Nishauri, naangamia.

Mtoto wa Kaka,
Kolofo'ou

*

Mtoto wa Kaka,

Kwanza, jina la bandia ulilompa shangazi yako ni jina la binamu yangu, ambaye tayari ana kesi zake. Nimelibadilisha. Hilo la 'Ofeina nimelichagua mimi, na hata hilo halitasaidia kitu, maana Tonga nzima ina mama mmoja tu aliyerudi kutoka Brisbane kutengeneza kivinjari.

Nakuhurumia, na simung'unyi maneno nikisema hivyo. Mimi pia nina shangazi. Ana miaka themanini na kitu na akiingia nyumbani kwangu nashuka kwenye kiti, mimi bibi mzima mwenye wajukuu. Kwa hiyo sitakuletea maneno ya Heneli ya kazi na kanisa. Kijana huyo ni mzuri, lakini ameona mlango tu, hajui nyumba ina vyumba vingapi.

Lakini huyo bubu wako, mwanangu, amenitia hasira. Soma tena ulichoandika. Umetafuta njia ambayo kila mtu atafurahi na hakuna kitakachotengenezwa! Ukurasa wa mzee utaendelea kuganda. Fundi ataendelea kumkamata asiye na kosa, safari hii ukiwa umemlipa, na mkosaji wa kweli atakaa ndani amekunja miguu. Hiyo si hekima. Hiyo ni ndiyo nyingine, kubwa kuliko zote, umeiandika kwa lugha ya kompyuta. Ifute leo.

Sasa nikwambie ninachokijua, maana kompyuta mimi naiwasha, naandika, naizima. Kabla ya gazeti nilikuwa muuguzi wa wodi. Daktari anapita asubuhi, anauliza, "Dawa imekusaidia?" Mgonjwa anajibu, "Sana, daktari, asante." Daktari akishapita mgonjwa anageukia ukutani anauma shuka. Wangapi tumewazika wakiwa wameshukuru! Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini wale hawakuwa wanaficha maradhi, walikuwa wanamtunzia daktari uso wake. Tukajifunza kutouliza hivyo. Tulikuwa tunamwambia, nyanyuka, tembea mpaka dirishani, niambie unaona nini nje. Miguu haina adabu. Miguu inasema kweli.

Fundi wako afundishwe hivyo. Ondoa hilo swali lenye moyo wote ndani yake. Kwanza, hakuna mwenyeji anayeuliza mgeni kama ameshiba kisha akategemea kuambiwa bado nina njaa. Fundi aufungue ukurasa upya aone mwenyewe kama unatembea, kama hilo linawezekana, nawe ndiye mjuzi. Ikiwa lazima aulize, aulize kitu ambacho hakina jibu la heshima: "Sasa unasikia nini?" "Soma mstari wa kwanza." Na vitufe viwe sawa kwa ukubwa, kwa jina la Mungu. Hapana nayo ni jibu, msiivalishe matambara.

Hiyo ndiyo kazi nyepesi. Nzito ni ile iliyokukimbiza mpaka kwangu.

Unasema unamheshimu shangazi yako. Umefanya nini kwa heshima hiyo? Umemwacha aamini uongo. Umemwangalia akilia juu ya kitu alichomtengenezea mama yake, ukanyamaza. Amekwambia, "Niambie kweli." Mtu wa cheo chake, kwa mila zetu, amekufungulia mlango kwa mkono wake mwenyewe, na wewe ukaufunga kwa ndiyo shangazi! Unadhani anauliza hivyo kila mtu? Mwanamke huyo amezungukwa na watu wanaoitikia tangu alipoanza kutembea. Kaka zake hawathubutu, watoto wa kaka zake hawathubutu, wafanyakazi wake wanaogopa. Mzee Sosaia ana kompyuta iliyozimwa sauti. Na shangazi yako je, nani amemzimia sauti zote za watu wanaomzunguka? Heshima si utumwa, na wala si kumwacha mkubwa wako aanguke shimoni kwa sababu ni mwiko kumshika mkono.

Kitu kingine, na hiki usikatae. Shangazi yako analisoma gazeti hili. Unajua, najua. Uliniandikia ukitumaini nitamwambia mimi, asome na chai yake Jumatano, ajue, na wewe uonekane hukusema. Umetaka kunifanya mimi kuwa bubu wako wa pili. Sikubali. Aibu ya kusomewa makosa yako sokoni Talamahu kabla hujayasikia nyumbani simtakii hata adui, sembuse mama aliyeleta kivinjari.

Kwa hiyo sikiliza. Jibu hili nakutumia mkononi, ndani ya bahasha, wala haliendi kiwandani kuchapwa. Barua yako na jibu langu vitakaa kwenye droo yangu mpaka uje mwenyewe uniambie umeshasema. Usipokuja, panya watavisoma.

Kesho asubuhi mpigie Mzee Sosaia. Usimuulize kama mashine ni nzuri. Mwambie akueleze imemsomea nini leo. Kisha mwombe jirani yake amwondolee Fundi kabisa mpaka utakapomtengeneza upya, sauti irudi na ikae. Huyo hawezi kungoja mpaka wewe upate ujasiri.

Jumamosi nenda kwa shangazi. Nyumbani, siyo ofisini, ofisini yeye ni bosi na Heneli anasikiliza. Usiende Jumapili, siku hiyo kila mtu ni mtakatifu na hakuna anayesema kitu. Vaa ta'ovala yako kiunoni, ule mkeka wa heshima, ile nzuri, siyo ya kuendea benki. Mpelekee viazi vikuu vya mzee, kama hamjavila. Kaa chini, kwenye mkeka, kichwa chako kiwe chini ya chake, hayo yote ni haki yake na usipunguze hata moja. Halafu ukiwa hapo chini useme. Usianze na mstari na nusu na robo. Mweleze ulivyomkuta mzee ameweka mikono magotini. Kisha mwambie: "Shangazi, watu wamesema ndiyo kwa sababu wanakuheshimu. Hata mimi." Ishia hapo. Ndugu zetu wengi hukosana si kwa ukweli, ni kwa maneno kumi waliyoongeza baada ya ukweli.

Akikasirika, kaa. Akilia, kaa. Akikufukuza, toka kwa adabu na Jumatatu fika kazini kwa wakati. Na akikuuliza nani amekutuma, usinitaje. Mwambie umejituma.

Mama Siutiti

*

Kwa wasomaji wengine: ndiyo, mnaisoma leo, kwa hiyo mmeshaelewa. Alikuja ofisini kwangu, ta'ovala bado kiunoni, macho yamevimba. Nilikaribia kumuuliza kama mambo yamekwisha vizuri, nikajishika. Nikamuuliza shangazi alisema nini.

"Aliniambia ninyanyuke kwenye mkeka, Mama. Nikadhani ananifukuza."

"Halafu?"

"Halafu akaniuliza kivuko cha 'Eua kinaondoka saa ngapi."